Viza yangu inaisha tarehe 30 na mama anaumwa Tanga: niombe ya ndoa kwanza, au nisafiri kwanza?

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tanga, naishi Coventry. Nilikuja Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, nikasoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Tasnifu niliikabidhi Septemba, na matokeo yalitoka Novemba, nimefaulu. Viza yangu inaisha tarehe 30 mwezi huu wa Januari. Oktoba nilikwenda nyumbani nikafunga ndoa, cheti cha BAKWATA ninacho. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, ana uraia wa Uingereza, anaendesha gari la kusambaza vifurushi kwa mshahara wa pauni 25,400 kwa mwaka. Aliwahi kuwa na mke. Walioana Mombasa, akamwacha hapahapa Coventry miaka minne iliyopita, karatasi ya talaka ya msikitini ipo.*

*Tunataka kuomba viza ya mwenza. Viza yangu ikiisha kabla sijajibiwa, nitakuwa nakaa kinyume cha sheria? Kazi yangu ya nyumba ya wazee, niliyoanza tangu nikisoma, nitaendelea nayo? Mama yangu amelazwa hospitali ya Bombo. Nikishatuma maombi naweza kwenda kumwona? Na binti wa shangazi yangu yuko hapa kwa viza ya matembezi, naye amepata mchumba raia wa hapa. Afanye kama mimi?*

Marahaba mwanangu, na pole na mgonjwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi ambayo wewe hukuiulizia chochote: hiyo ya karatasi ya talaka ya msikitini. Nitaifikia, na nitakaa nayo sana. Ila nijibu kwanza ulichouliza, kwa sababu naona usingizi hupati.

Viza ikiisha hujajibiwa, hutakuwa mhalifu, mradi umetuma maombi kabla haijaisha. Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 ina kifungu cha 3C. Kinasema hivi: mtu mwenye ruhusa ya kukaa akiomba ruhusa nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha, basi ile ya kwanza inaendelea yenyewe, na masharti yake yaleyale, mpaka Home Office, yaani wizara ya hapa inayoshughulikia uhamiaji, watakapoamua. Wakikukatalia, inaendelea katika siku 14 ulizopewa za kukata rufaa, na ukikata rufaa ndani ya siku hizo, inaendelea mpaka rufaa iishe. Huombi kuongezewa. Hakuna anayekugongea muhuri wala kukuandikia barua ya pongezi. Sheria inafanya kazi kimyakimya, na huo ukimya ndio unaowatia watu hofu, maana Mswahili amezoea kuamini karatasi anayoishika.

Neno la kulishika hapo ni "maombi halali". Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyobonyeza kutuma fomu mtandaoni na malipo yakapita. Miadi ya alama za vidole na kupakia nyaraka vinaweza kuja baada ya viza kuisha, haina neno. Lakini usipokwenda kwenye alama za vidole wakayarudisha maombi kuwa si halali, sheria inakuona kama hukuomba kabisa, na kila siku uliyokaa tangu viza iishe inageuka siku ya kuzidisha muda.

Jingine dogo lakini limeniumizia wateja: kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya fomu ya mwenza ukiomba ukiwa ndani ya nchi ilikuwa pauni 1,321, na ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Ruhusa ni ya miaka miwili na nusu, kwa hiyo ada ya afya peke yake ni pauni 2,587.50. Kadi ya benki iliyozoea kununua unga na nazi ikiona karibu pauni elfu nne zinatoka usiku wa manane, inajifunga. Nimewahi kukaa na mteja saa tano na nusu ya usiku wa siku yake ya mwisho, yuko kwenye simu na benki, muziki wa kungojea unapiga, na mimi naangalia saa. Piga simu benki mapema uwaambie malipo yanakuja, na usiifikie siku hiyo ya mwisho.

Utasikia watu wakisema "kuna siku 14 za hisani". Zipo, lakini si kama wanavyozieleza. Aliyechelewa kwa sababu nzito iliyo nje ya uwezo wake anaweza kusikilizwa akiomba ndani ya siku 14. Hata akisikilizwa, kifungu cha 3C hakimfuniki, kwa hiyo wakati anangoja hana haki ya kufanya kazi. Kwako wewe siku hizo zihesabu hazipo.

Sasa kazi. Kwa kuwa masharti yanayoendelea ni yaleyale ya viza ya mwanafunzi, kazi ya nyumba ya wazee unaendelea nayo. Wakati wa masomo ulikuwa na kikomo cha saa 20 kwa wiki (na wa uzamili wasijidanganye: miezi ya kiangazi mnayoandika tasnifu nayo ni muda wa masomo). Kozi ikishaisha unaruhusiwa kufanya saa zote. Usiloruhusiwa ni kuajiriwa moja kwa moja kwenye nafasi ya kudumu ya saa zote, wala kujiajiri. Kujiajiri si lazima iwe kampuni. Kubeba chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ni kujiajiri, na ile biashara ya vitumbua na sambusa mnayotangaziana kwenye WhatsApp kila Ijumaa nayo ni kujiajiri. Najua inawasaidia kulipa kodi ya nyumba. Iache mpaka upate viza ya mwenza, hapo utauza hata biriani.

Tatizo la kazi kwa kawaida si sheria. Ni meneja. Siku hizi hakuna kadi ya plastiki. Hali yako iko mtandaoni, na mwajiri anaiona kwa namba ya muda unayompa. Viza ikishapita tarehe yake, mtandao unaweza kumwonyesha kuwa imeisha, ingawa kisheria unalindwa. Jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya London katika kesi iliyofunguliwa na RAMFEL, shirika la kusaidia wahamiaji, na Juni 2024 jaji akaamua kwamba Serikali ilikosea kisheria kwa kutowapa watu walio chini ya 3C uthibitisho wa kidijitali. Mmoja wa waliofungua kesi alikuwa mama mfanyakazi wa huduma za afya aliyekuwa amesimamishwa kazi kwa kukosa cha kuonyesha. Kwa hiyo usiwe mkali kwa meneja wako akiingiwa na wasiwasi, kwani tangu Februari 2024 faini ya kuajiri mtu asiye na ruhusa inafika pauni 45,000 kwa kosa la kwanza, kwa kila mfanyakazi.

Mwambie mapema, kabla ya tarehe 30. Ipo huduma ya Home Office ambayo mwajiri anaulizia hali ya mfanyakazi aliye na maombi yasiyojibiwa. Wewe unampa namba ya maombi yako, yeye anajaza, wanamrudishia taarifa ya uthibitisho inayomlinda kwa miezi 6. Akiwa anaingoja, ana siku 28 za kuendelea nawe bila kosa. Mpelekee maelezo hayo yakiwa yameandikwa, na risiti ya maombi. Meneja mwenye zamu za usiku za kujaza hataki kukupoteza, anataka karatasi ya kuweka kwenye faili.

Tuje kwa mama yako, na hapa ndipo nitakapokukataza jambo.

Ukishatuma maombi, usitoke. Kanuni za uhamiaji, aya ya 34K, zinasema mwombaji akitoka nje ya Uingereza na visiwa na nchi jirani zilizo katika eneo la pamoja la safari, maombi yake yanahesabiwa ameyaondoa mwenyewe siku aliyotoka. Na kama viza ya zamani ilikuwa imeshaisha, ile ruhusa ya 3C inakufa palepale. Dublin isikudanganye: Ireland imo katika eneo hilo la pamoja, lakini kifungu cha 3C kinazungumzia kutoka Uingereza, na Ireland si Uingereza. Isitoshe, Mtanzania anahitaji viza ya kuingia Ireland.

Zamani mtego huu haukuwa na makali, kwa sababu Home Office walikuwa wanakaa na pasipoti yako mpaka wamalize. Leo pasipoti unarudi nayo nyumbani siku ileile ya alama za vidole. Iko droo ya juu. Simu inalia saa tisa usiku, na mtu anakata tiketi. Kijana mmoja wa Kisauni alifiwa na baba akiwa wiki ya sita ya kungoja. Alikwenda kuzika, nani angemlaumu. Siku ya kurudi, kaunta ya uwanja wa ndege wa Mombasa wakaangalia kwenye kompyuta, wakamwambia hana ruhusa ya kuingia Uingereza. Aliomba upya kutoka Kenya, akapima kifua kikuu upya, akalipa ada ya kuombea nje, ambayo ni kubwa kuliko ya ndani, na mkewe alijifungua yeye akiwa Mombasa.

Lakini wewe, mwanangu, leo hujatuma chochote, na viza yako bado ni hai. Hizi wiki tatu zilizobaki ndizo pekee ambazo mlango uko wazi kwenda na kurudi. Umekuwa ukiogopa kutoka kwa sababu zimebaki siku chache, na ukapanga uombe kwanza ndiyo usafiri. Ligeuze. Kama hali ya mama inakutaka uende, nenda wiki hii, ukae siku saba au nane, urudi si baada ya tarehe 20, kisha ndiyo utume maombi. Beba barua ya chuo inayoonyesha umemaliza na kufaulu, na barua ya kazini, kwa sababu ofisa wa mpakani anaweza kumuuliza mwanafunzi aliyemaliza masomo anarudi kufanya nini. Unajibu kweli: viza yangu inaisha tarehe 30, kazi ninayo, na nitaomba ruhusa nyingine kabla ya tarehe hiyo. Tiketi iwe ya kubadilika, na usiweke ndege ya mwisho karibu na tarehe 30, maana barabara ya Tanga hadi Dar unaijua, na ndege zenyewe unazijua.

Kama mama anaweza kungoja, ipo njia ya pili: kuomba kwa huduma ya haraka zaidi, pauni 1,000 juu ya ada zote, ambapo uamuzi hutoka mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya alama za vidole. Ukipewa viza unasafiri bila hofu. Jumla, kwa viwango hivyo vya Aprili 2025, ilikuwa pauni 4,908.50, na nafasi zake hazipatikani kila siku. Kwa njia ya kawaida kiwango wanachojiwekea ni wiki 8. Hata hivyo huduma ya haraka inafaa kwa faili lililonyooka tu. Faili lenye swali wanaliweka pembeni, muda unapita na elfu yako hairudi. Faili lako, kama ulivyolieleza, lina swali.

Ndiyo tumefika kwenye ile karatasi.

Mbele ya sheikh mumeo ameacha, eda imepita, na amekuoa kwa halali. Dini yake sina neno nayo. Lakini Sheria ya Familia ya Uingereza ya mwaka 1986 inasema wazi kwamba talaka yoyote iliyopatikana ndani ya visiwa hivi haitambuliki isipokuwa imetolewa na mahakama ya kiraia. Talaka iliyotamkwa Coventry na kuandikwa na imamu wa Coventry, mbele ya Home Office ni karatasi tu. Na ndoa yake ya kwanza, kwa vile ilifungwa Mombasa kwa taratibu za Mombasa, Uingereza inaitambua. Weka hizo mbili pamoja: kwa macho ya sheria ya hapa, mumeo alikuwa bado ana mke siku alipokuoa Tanga. Mtu aliyefanya Uingereza kuwa makazi yake ya kudumu hawezi kuoa mke wa pili popote duniani na sheria ya hapa ikaikubali hiyo ndoa ya pili. Cheti chako cha BAKWATA kinaweza kuwa safi kabisa, muhuri na sahihi za mashahidi, na bado kisikusaidie.

Fomu ya mwenza inauliza kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, na ushahidi wa jinsi ndoa hiyo ilivyoisha. Usije ukajaza "hapana". Kukataliwa kwa kukosa sifa kunatibika, lakini kukataliwa kwa kudanganya kunakufuata kwenye kila fomu utakayojaza maisha yako yote.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo leo, kwa upole, ni hili: mbali na karatasi ya msikitini, kuna amri ya mahakama? Wanaume wengi waliachana mara mbili, kwa imamu na mahakamani, na hawaoni haja ya kumsimulia mke mpya habari ya pili. Kama ni mahakama ya hapa, anatafuta amri ya mwisho ya talaka. Kama ni Mombasa, anatafuta hukumu ya Mahakama ya Kadhi. Hiyo nayo Uingereza inaweza kuitambua, kwa kuwa ni shauri la mahakama ya nchi ambayo mmoja wao ni raia wake. Ninachokitazama mimi ni tarehe. Iwe kabla ya nikaha yenu ya Oktoba. Ikiwa hivyo, faili lako limenyooka, na yote niliyosema juu ya viza ya mwenza yanasimama.

Kama amri hiyo haipo, usitume maombi ya ndoa tarehe 29 kwa kubahatisha. Wala msikimbilie kutafuta hukumu ya haraka ya Kadhi mkidhani itaiokoa nikaha ya Oktoba. Talaka ya leo haifanyi kazi ya kurudi nyuma. Itabidi mfunge ndoa upya baada ya talaka kukamilika, ya serikali, kwa msajili wa ndoa hapahapa Coventry au kwingine. Na talaka ya mahakama za hapa, tangu utaratibu ulipobadilika Aprili 2022, haiishi chini ya wiki 26 hata kama hakuna anayebisha. Wiki tatu hazitoshi kwa namna yoyote.

Una mlango mwingine, na nashangaa hukuutaja. Wewe ni mhitimu. Kuna viza ya mhitimu kwa aliyemaliza shahada hapa na chuo chake kimeshaiarifu Home Office kuwa amefaulu. Haiulizi mume wala mshahara. Ukiomba kabla ya mwisho wa mwaka 2026 ni miaka miwili. Waombaji wa kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18. Ada, kwa viwango vya Aprili 2025, ilikuwa pauni 880, na ada ya afya ya miaka miwili pauni 2,070. Inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza tu, na kabla viza ya mwanafunzi haijaisha. Kwa hiyo ukienda Tanga, ukishindwa kurudi kabla ya tarehe 30, umeipoteza. Sheria ya kungoja ni ileile: 3C inakulinda, kazi inaendelea, na safari hakuna mpaka ujibiwe. Ukishaipata, mumeo anamaliza mambo yake na mke wa zamani, mnafunga ndoa ya serikali (toeni taarifa kwa msajili mapema, ni siku 28 na Home Office wanaweza kuzivuta hadi 70), kisha unaomba ya mwenza bila saa ya ukutani kukutisha. Hasara yake ni moja: ile miaka mitano ya kuelekea ukaazi wa kudumu inaanza kuhesabiwa siku ya kupewa viza ya mwenza, na muda wa mhitimu haumo. Mimi ningeilipa hasara hiyo bila kusita.

Nimeona pia umetaja mshahara wake kwa aibu kidogo. Kiwango tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa anayeingia upya kwenye njia hii, na yeye ana 25,400. Lakini anayeomba akiwa ndani ya nchi na anafanya kazi kihalali, mshahara wake unajumlishwa na wa mume. Wewe uko kwenye nyumba ileile ya wazee tangu ukisoma. Kusanya karatasi za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki za miezi hiyohiyo, mshahara uonekane ukiingia kwa jina la mwajiri, pamoja na barua ya mwajiri, na za mumeo vilevile. Ya mwisho isiwe na zaidi ya siku 28 siku unayotuma. Pesa uliyolipwa mkononi isiyoonekana kwenye taarifa za benki haihesabiwi. Cheti cha ndoa na chochote kilicho kwa Kiswahili kiambatane na tafsiri ya mtafsiri anayethibitisha kazi yake kwa sahihi na anwani. Tafsiri ya kaka yako haitakubaliwa.

Kingereza pia kinadaiwa, lakini shahada uliyoipata hapa inakutosha, usilipie mtihani.

Binti wa shangazi yako asifanye kama wewe. Aliyeingia kwa viza ya matembezi hawezi kuigeuza ya mwenza akiwa hapa. Kanuni zinamfungia mlango tangu mwanzo, na viza ya matembezi ya kawaida haimruhusu hata kufunga ndoa ya serikali hapa. Arudi kabla siku zake hazijaisha, aombe kutoka Tanzania. Na kama wanapanga kufunga nikaha msikitini hapa "ili mambo yawe halali kwanza", waambie kwamba Mahakama ya Rufaa ya hapa ilishaamua Februari 2020 kuwa nikaha ya Uingereza isiyosajiliwa kiserikali haihesabiki kuwa ndoa. Ndoa iliyofungwa Tanga na kusajiliwa ni kitu kingine.

Mambo mawili nje ya maswali yako. Akaunti ya maombi ifungue kwa barua pepe yako na simu yako, si ya mumeo. Maombi ni yako. Nimewaona wanawake ambao siku ndoa ilipochafuka ndipo walipogundua hawajui hata nywila ya viza yao wenyewe. Nasema hivi bila kumjua mumeo, na bila kumdhania vibaya.

La pili: yule jamaa anayejaza fomu kwa pauni 150 sebuleni kwake. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai hapa, tangu sheria ya mwaka 1999. Wanaosajili wanaitwa Immigration Advice Authority, ambao hadi Januari 2025 walijulikana kama OISC, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Mwulize namba yake ya usajili. Akikasirika, umeshajibiwa.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie dada anayemuuguza mama, umuulize daktari amesema nini, kisha ndiyo uangalie tiketi. Jioni mumeo akirudi kazini, mwekee chakula, akishakula ndiyo umuulize habari ya mahakama. Akikuonyesha amri, ipige picha na uniandikie tarehe iliyomo.